Nywele za Bi Somoe

Bi Somoe wa Likombe alikuwa na vitu viwili virefu, nywele na ulimi, na mwenyewe alikiri kwamba ulimi ndio uliotangulia kuota. Nywele zilimfika katikati ya mgongo. Ulimi ulifika hadi mtaa wa Rahaleo, Mtwara mjini, maana huko ndiko alikokwenda kila Jumamosi kuuza mafuta yake ya kichwa.

Mafuta aliyapika kwa haki, hilo hakuna wa kumsuta. Alikuna nazi, akakamua tui zito, akaliacha lielee, akaliengua na kulichemsha polepole mpaka mashapo yakawa ya kahawia na mafuta yakajitenga. Akachanganya na ya ufuta, akatia maua ya mlangilangi, akajaza chupa za soda na kuziziba kwa gunzi la hindi. Shida ilikuwa maneno. Akishaingia ua wa wanawake aliteremsha kanga, akafumua nywele na kuwageuzia mgongo. "Tazameni wenyewe, mie sisemi," alisema, kisha akasema nusu saa nzima. Nywele zikikosa mafuta wiki moja, hukatika kama kijiti cha muhogo mkavu. Zake, tangu azaliwe, hazijalala kavu hata siku moja.

Ukweli aliujua. Mama yake alikuwa na nywele hizo hizo, na hakuzipaka kitu zaidi ya maji ya kisima. Mteja aliyemsumbua roho alikuwa Ilda, mwanamke aliyevuka Ruvuma na wanawe vita vya ng'ambo vilipoanza, akaja kulima muhogo palepale Likombe. Kila mwezi Ilda alileta pakacha la makopa, muhogo wake mkavu, akaondoka na chupa, na mwaka wa sita nywele zake bado hazijavuka masikio. "Utakuwa unaruka siku za kupaka," Somoe alimwambia, kisha akayapika yale makopa na kuyala bila kumkwama kooni.

Mwaka sabini na moja, msimu wa korosho, mumewe Issa akafa kwa homa ya siku nne. Somoe alimpenda, alilia mpaka sauti ikakauka. Akaingia eda, miezi minne na siku kumi, na shangazi yake Bi Zuhura akaja kumsimamia. Hakuna wanja, hakuna udi, hakuna mafuta kichwani. Shangazi akamsuka mtindo wa twende kilioni, akamfunika kitambaa cheupe. Siku ya tatu Somoe alishtuka kujikuta analilia nywele. Akajiona hana haya, akamwomba marehemu radhi, akaendelea kulia.

Aliogopa siku ya kutoka eda. Wanawake wangekuja kumwogesha na kumfumua, na wateja wake wote wangekuwapo. Zikiwa zimekatika, atakuwa kioja. Basi kila alipokaanga samaki, vidole vyenye mafuta vilipanda kichwani kama vile kwa bahati mbaya, mara tatu, mara nne.

"Mwanangu," shangazi akamwambia siku moja akinusa, "marehemu hakuacha wasia kwamba mkewe anuke kibua." Akamwondoa jikoni.

Mwezi wa tatu, akipapasa kisogo, Somoe akagundua jambo baya zaidi. Nywele hazikatiki. Zinarefuka! Hilo hakuwa amelitungia maneno. Aliapa mbele ya nusu ya Mtwara, na sasa kichwa chake mwenyewe kinamtolea ushahidi kinyume. Siku zilizobaki alizimaliza akimwomba Mungu, amsamehe, zipukutike japo kidogo.

Hazikupukutika. Siku ilipofika, shangazi alimfumua uani mbele ya watu, na nywele zikashuka vidole vitatu chini ya pale walipozizoea.

"Mnayaona mafuta?" akapaza sauti Salma, mteja wake wa Rahaleo. "Yamezama mpaka kwenye fuvu! Miezi minne hajapaka, bado yanafanya kazi!"

Wote wakaitikia kwamba ndivyo. Somoe akaona amefunguliwa mlango, kazi yake ni kupita tu. Lakini nyuma ya watu alikuwapo Ilda, ameshika chupa tupu kwa mikono miwili, na Somoe akaona aibu ya kweli, ile isiyo na mzaha.

"Si mafuta," akasema. "Dada Ilda, nimekudanganya miaka sita. Hayarefushi kitu. Nywele hizi ni za mama yangu, nimezaliwa nazo. Makopa yako nimeyala bure."

Ilda akamtazama kwa mshangao.

"Bi Somoe, kwani nani kakwambia mie nataka nywele ndefu?"

"Si ulikuwa unanunua?"

"Zangu ngumu. Chanuo lilikuwa likinitoa machozi. Nikipaka yako, linapita. Hizo zako nizipeleke wapi mie, na jembe mkononi?" Akainyoosha chupa. "Sasa, yapo au hayapo?"

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na shangazi akacheka kuliko wote. Somoe akaenda kuchukua dumu la mafuta uvunguni, akaijaza chupa ya Ilda mpaka shingoni. Miaka yote aliwageuzia watu mgongo akidhani wanautazama kwa wivu. Kumbe walikuwa wanangoja tu amalize maneno, wajaziwe chupa zao warudi makwao.