Mpanga Herufi

Mama yangu hakupata kuiona sura ya baba yake. Babu alifariki kwa homa, mama bado yuko tumboni, na picha hakuacha. Kilichobaki ni maneno mawili matatu: kwamba alikuwa kijana wa mjini, kwamba alipanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha kupigia chapa gazeti, na kwamba siku moja gazeti hilo lilichapisha picha ya wafanyakazi wake wote. Gazeti gani? Hapo kila mtu hukuna kichwa.

Mwaka huu mama kaanza kusahausahau. Nilipokwenda kumtazama Makunduchi aliniambia kwa upole, kama anayeomba chumvi, kwamba angependa kumjua baba yake kabla hajamsahau. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na neno la kujibu silikosi. Siku hiyo jibu langu lilikuwa moja: nitamtafuta.

Basi nikaenda kwenye chumba kimoja cha mjini yanakohifadhiwa magazeti ya zamani. Nilidhani nitaletewa bunda moja, adhuhuri nshamaliza. Wallahi yakaja kwa kigari. Kisiwa chetu hichi, ambacho ukipiga chafya Mangapwani kaskazini, Makunduchi kusini wanakuombea dua, kumbe kilikuwa na magazeti yote haya! La Kiingereza na Kigujarati pamoja, la Kiarabu, la Kiswahili, na ya vyama, yakitukanana kila wiki kwa Kiswahili kitamu mpaka nikacheka peke yangu. Mengine hata mwaka hayakufika. Bei ya karafuu, meli zinazoingia, mtu kapotelewa na punda wake. Nikashika kinywa. Kila herufi ile mtu aliiokota kwa vidole, moja moja, akaipanga kinyumenyume, na kesho yake akaanza upya. Na mmoja wao ni babu yangu.

Bi mwenye chumba alinikemea mara mbili kwa kulamba kidole nikifunua kurasa. Nilitaka kumjibu, nikameza. Ana haki, karatasi zenyewe zinakatika ukizitazama tu.

Siku ya tisa nikaipata. Wanaume kumi na mmoja mbele ya mashine, majina yao chini. Wa tatu kutoka kushoto, jina la babu. Nikalia mbele za watu bila ya haya. Sikuipiga picha. Niliona ni utovu wa adabu mama kukutanishwa na baba yake kwenye simu yangu iliyopasuka kioo.

Nikamleta mama mwenyewe. Alijifukiza udi, akavaa buibui jipya. Yule Bi mkali alimvutia kiti, kisha akatupisha.

Mama akavaa miwani. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mikono kaificha nyuma, nadhani kwa sababu ya wino. Wajukuu wa mama ni wakubwa kuliko yeye. Alimtazama mpaka nikaogopa. Kisha akainama.

"Shikamoo, baba," alisema.

Akangoja. Jamani, alingoja kweli, kama mtoto aliyesimama mlangoni. Chumba kizima hakikuwa na wa kumjibu, na mimi sikuweza kuvumilia. Nikamwitikia, mimi mwanawe wa kumzaa:

"Marahaba, mwanangu."