Siku Baba Alipotutembeza Mtaa wa Kwacha

Wazo la kumtumia baba kuwatembeza wanafunzi wangu lilikuwa langu mwenyewe. Nalisema mapema, kwa sababu baadaye watu walinipa pole kana kwamba jambo lile lilinijia kutoka nje.

Nafundisha somo la Biashara katika shule moja ya sekondari hapa Tunduma. Baba yangu alibadilisha fedha mpakani kwa zaidi ya miaka ishirini. Alitoka kijijini Hasamba akiwa kijana, akawaachia ndugu zake shamba la kahawa, akaja kukaa kwenye kibaraza cha duka na mabunda mawili mapajani, shilingi kulia, kwacha kushoto. Mtaa mzima ulikuwa wa watu kama yeye. Aliyetaka kwenda Zambia alianzia kwao, na aliyerudi aliishia kwao. Halafu ikaja amri kwamba fedha za kigeni zibadilishwe kwenye maduka yenye leseni tu, zikaja pia simu za kutumiana pesa, na kwa baba ikaja presha ya macho. Jicho la kushoto lilizimika kabisa. La kulia likabaki kuona mwanga na vivuli. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo baba akahamia kwangu. Alikaa sebuleni kutwa, redio imezimwa, akisubiri nirudi shuleni aniulize foleni ya malori imefika wapi.

Tulipofika mada ya fedha za kigeni na Kidato cha Tatu, nikamwomba awatembeze wanafunzi mtaa ule, awaeleze kazi ilivyokuwa. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaniambia nimpigie pasi shati la bluu.

Tulianza saa tatu asubuhi, mwezi wa sita, kwenye baridi ile ya Tunduma inayoingia hadi kwenye meno. Wanafunzi walikuwa ishirini na wawili. Walimwamkia kwa pamoja, "Shikamoo babu," naye akaitikia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama alipokuwa hai. Alinishika kiwiko, lakini ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyeniongoza. Alijua mahali lami ilipoishia na vumbi lilipoanza. Alisimama kwenye kona moja, akasema hapo ndipo wenye mitaji mikubwa walipokaa, wale wa dola. Akawaonyesha ukuta ambako bei ya kwacha iliandikwa kwa chaki kila asubuhi na kufutwa kwa kiganja ilipobadilika. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya kampuni ya simu. Sikumwambia.

Mama mmoja aliyebeba ndoo ya dagaa kutoka upande wa pili wa mpaka alipita karibu yetu. Baba akasikia lafudhi yake, akamsalimia kwa Kibemba, "Mulishani." Yule mama akajibu na kucheka, wanafunzi nao wakacheka. Kisha baba akaomba noti yoyote. Mwanafunzi mmoja akampa noti, naye akaipapasa kwa kidole gumba, akasema ni elfu mbili na imewahi kulowa maji. Ilikuwa kweli. Walimpigia makofi. Mimi nilisimama pembeni na daftari la mahudhurio, moyo umejaa. Nilijiambia kwamba nimemrudisha baba yangu duniani.

Kituo cha mwisho kilikuwa kibaraza chake. Duka la zamani lilikuwa limevunjwa na kujengwa upya, ila nguzo mbili za mbele ziliachwa, zikabandikwa vigae. Katikati yake alikaa binti mmoja, wakala wa pesa za simu, ndani ya kibanda cha mbao. Baba aliipapasa nguzo. Vidole vyake vikateleza kwenye vigae.

"Siyo hapa," alisema.

"Ni hapa, baba. Wameitengeneza tu."

Aliishusha mikono yake hadi chini kabisa, pale ambapo vigae havikufika na saruji ya zamani ilionekana. Hapo akatulia. Akakaa chini, mgongo kwenye nguzo, kama mtu aliyefika kwake.

Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye hukaa dawati la mbele na kuandika kila kitu, akanyoosha mkono. Nikamwambia aulize.

"Babu, faida kubwa kuliko zote uliyowahi kupata hapa ilikuwa ipi?"

Lilikuwa swali zuri. Ningempa alama. Baba aliipapasa saruji kwa kidole gumba. Nilidhani anakumbuka hesabu.

"Ilikuwa mwaka ule Zambia walipofuta sifuri tatu kwenye noti zao," alisema. "Mnajua habari hiyo?"

Walijua. Nilikuwa nimewafundisha.

"Noti za zamani walizipa muda, na baada ya hapo zingekuwa karatasi tu. Mimi nilibaki nazo nyingi. Nilikuwa nimezinunua kwa bei ya chini, nikijua nitawahi kuzipeleka benki kule ng'ambo. Nikaumwa, nikachelewa. Zikabaki siku chache, na kule benki foleni ilikuwa haisogei. Akaja mama mmoja kutoka Momba, huko mbele ya Chitete. Alikuwa ameuza ufuta wake wote. Alitaka kwacha akanunue ng'ombe wa kulimia kwenye vijiji vya ng'ambo. Nikamhesabia zile za zamani. Aliniuliza, hizi bado zinatumika? Hakujua kusoma. Nikamwambia zinatumika, mama, nenda."

Hakuna aliyeandika sasa. Yule binti wa kibandani alikuwa ameacha simu yake.

"Ng'ombe hakupata mara moja. Aliporudi hapa muda ulikuwa umeshapita. Nilimwona akitokea kule kona, nikaingia stoo. Mwenzangu akamwambia nimesafiri kwenda Lusaka. Akakaa hapa hapa nilipokaa mimi. Siku tatu. Mimi nilikuwa naingia stoo kwa mlango wa nyuma kabla hajafika, natoka akishaondoka. Kati yetu palikuwa na mbao tu. Nilimsikia akikohoa. Siku ya nne hakuja."

Kisha akageuza uso wake upande niliokuwa nimesimama. Hakukosea hata kidogo.

"Ndiyo ada yako ya chuo, mwanangu. Mwaka wa kwanza wote."

Binti wa kibandani akatuomba tusogee, tunazuia wateja. Wateja hawakuwapo. Nadhani alitaka tu tuondoke. Nikawaambia wanafunzi warudi shuleni wawili wawili, wasikimbie barabarani. Nikamwinua baba. Njia nzima hakunishika kiwiko. Alitembea ameweka mkono mbele, akijikwaa, na mimi nilitembea nyuma yake na sikumnyooshea mkono wangu.

Nakumbuka siku ada ile ilipolipwa. Mama aliwaita akina mama wa kanisani, wakaimba nyumbani kwetu hadi chumba kikapata joto, kwa kuwa Mungu alikuwa amejibu. Baba alikaa mlangoni na kofia mkononi. Mimi nilidhani ameguswa. Mama alikufa akiamini hivyo, na hadi leo sijui kama namwonea wivu au huruma.

Wanafunzi walileta ripoti zao wiki iliyofuata, kama nilivyokuwa nimeagiza kabla ya matembezi. Wengi waliandika kuhusu chaki ukutani na mama wa dagaa. Mmoja tu aliandika kuhusu yule mama wa Momba, mistari miwili, chini ya kichwa kidogo "Hatari za fedha za kigeni kwa mtu asiye na taarifa". Jibu lilikuwa sahihi. Niliweka alama ya vema.

Likizo ilipoanza nilimwambia baba kwamba ninakwenda Chitete.

"Kufanya nini?"

"Kumtafuta."

"Jina lake silijui. Sikuwahi kumuuliza."

"Alikuwaje?"

"Mrefu. Sauti yake ya chini." Kisha akasema, "Usiende. Utakwenda kumwambia nini?"

Nilikwenda na akiba yangu ndani ya mfuko wa kanga. Barabara ilikuwa mbaya, tukasukuma gari mara mbili. Nililala kwa mwalimu tuliyesoma naye chuo, na asubuhi nikaenda sokoni. Nilijisikia mjinga kabla hata sijafungua mdomo. Nilimwendea mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anapepeta ufuta kwenye ungo. Nikamwamkia, nikamweleza namtafuta mama mrefu aliyepoteza mali yake kwenye kwacha za zamani, miaka ile noti zilipobadilishwa. Aliendelea kupepeta.

"Waliopoteza kwacha ni wengi huku, mwanangu," alisema. "Hata mimi nilipoteza. Mdogo wangu alipoteza. Huyo wako alikuwa nani kwako?"

Nilisema alikuwa ndugu.

"Basi pole," alisema. "Ndugu hakosi jina."

Nilizunguka vijiji viwili kwa bodaboda. Kwenye kimoja waliniambia alikuwapo mama wa namna hiyo lakini amehamia kwa mwanawe, upande wa Mbangala. Kwenye kingine waliniambia alikufa. Huenda walikuwa wanazungumzia watu wawili tofauti, na huenda hakuna aliyekuwa yeye. Siku ya tatu nikageuza.

Baba alikuwa sebuleni. "Umempata?"

"Hapana."

Alitikisa kichwa polepole. Nilimtazama nikitafuta dalili ya nafuu, ili nimchukie vizuri. Sikuiona. Wiki iliyofuata aliomba arudishwe Hasamba kwa baba yangu mdogo. Sikumzuia. Nilimfungia nguo, nikamtafutia siti ya mbele.

Mwaka huu mkuu wa shule amesema matembezi yale yalikuwa mazuri, yafanyike tena. Nilimweleza kwamba baba ni mgonjwa, akasema basi niwatembeze mwenyewe, njia si naijua? Nikawatembeza. Tulipofika kwenye kibaraza niliwaeleza maana ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na mfano wa namba. Mwanafunzi mmoja akauliza waliokaa pale wako wapi siku hizi. Nikasema wamezeeka, nikawaambia tuendelee, jua linakuwa kali.

Jumamosi ya juzi nilikwenda Hasamba. Baba mdogo alikuwa shambani. Baba alikuwa amekaa chumbani, ameelekea ukutani. Aliniuliza foleni ya malori imefika wapi, nikamwambia. Kisha tukakaa, na kila mmoja wetu alimsikia mwenzake akipumua, hadi muda wangu wa kuondoka ulipofika.