Malkia Aliyekaa Upande

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kuvumilia kitu kilichokaa upande. Ukiingia kibandani kwake na kola imepinda, atakunyoosha kabla hajaitikia salamu. Miaka yote nilimwonya kwamba mkono huo utamponza kwenye sataranji, maana sheria haina huruma: ukigusa kete yako, lazima uicheze. Anayetaka kuiweka sawa tu hutangulia kusema "narekebisha."

Siku ya mechi ya mwisho, sare tu ingemwingiza timu ya taifa, nafasi aliyoisaka kwa miaka kumi na tisa. Mpinzani wake alikuwa mwalimu wa hesabu, bingwa mara tatu, mtu asiyekohoa bila kupiga mahesabu. Kufikia saa nane mchana alikuwa amembana Shangazi pembeni. Shangazi alibaki na mfalme, malkia, na askari mmoja aliyezibwa njia. Kwa hesabu zangu, malkia akiondoka pale, mambo yamekwisha.

Mwalimu akainama kuandika hatua yake. Malkia alikuwa amekaa upande kidogo. Nikauona mkono wa Shangazi ukienda, kidole kikamsogeza katikati ya mraba. Hakutangulia kusema "narekebisha."

Mwamuzi alikuwa ametupa mgongo, mwalimu hakuinua kichwa. Niliona mimi tu, na nilikuwa tayari kunyamaza mpaka kaburini.

"Mwalimu," Shangazi akasema taratibu, "nimemgusa malkia. Nitamcheza."

Akaikalia mikono yake dakika kumi na mbili nzima. Kisha akamchukua malkia, akamweka ubavuni mwa mfalme wa mwalimu, akimshambulia, bila mlinzi. Mwalimu hakuwa na njia ila kumla, akamla. Alipotaka kubonyeza saa ya mchezo, mkono ukaishia hewani. Kwa kula, mfalme wake alikuwa ameuziba mraba wa mwisho aliobaki nao mfalme wa Shangazi. Mfalme huyo wa Shangazi hakushambuliwa, ila hakuwa na pa kukanyaga, na askari wake hakuweza kusogea. Kwa sheria, hiyo ni sare.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mwalimu alisimama, akampa Shangazi mkono kwa mikono yote miwili.

Nje nilimuuliza Shangazi kama alikuwa ameiona hatua ile mapema.

"Ningeiona wapi? Nilishaamua kumsogeza mfalme, nikafungwe polepole. Nisingemgusa malkia, nisingemtazama kabisa."

Kisha akaninyoosha kola.