Nilimpa Mdogo Wangu Gesi, Yeye Alitaka Maji

"Dada, kwani wewe mwenyewe unaipenda?"

Mdogo wangu Kabula aliniuliza hivyo tukiwa steshenari moja pale Bariadi, tunajaza maombi yake ya chuo. Mimi! Mimi niliyezoea kubishana na mchungaji kanisani na wahadhiri darasani, nilijifanya nahesabu vyeti vyake.

Alikuwa anaulizia uhandisi wa mafuta na gesi, niliousoma mimi. Yeye alitaka uhandisi wa maji. Tangu utotoni alichimba vijifereji kutoka kwenye lambo la ng'ombe hadi kwenye mchicha wa mayu, mama yetu.

Nikamcheka. "Jembe na ndoo tumevikimbia, wewe unavirudia na digrii? Angalia mbele, Kabula! Gesi ndiyo kesho."

"Mbona wewe hawajakuita kazini?"

"Wataniita. Mambo makubwa yanachukua muda."

Uongo mtupu! Kila nilikoomba nilikuwa nimeshakataliwa. Nyumbani nilisema nasubiri kuitwa. Nilijua, jamani, nilijua! Lakini Kabula akichagua maji, maana yake mimi nilikosea, na baba alishauza maksai wake wa kulimia kwa ajili ya kosa hilo. Nilitaka mwenzangu wa kukosea naye.

Mwenye steshenari akageuka. "Haya warembo, tunaanza na kozi ipi?"

Nikajibu mimi.

Kabula alimaliza chuo mwaka jana. Sasa anapaa samaki kwa shangazi, Lamadi. Mimi nafundisha tuisheni ya hisabati Nyalikungu. Wahandisi wawili wa gesi, na mayu bado anapikia mabua ya pamba!

Juzi lilitoka tangazo: mradi mmoja huko Meatu, upande wa Mwandoya, unatafuta wahandisi wa maji. Kabula, aliyekuwa amekuja kunitembelea, akalisoma kwenye simu yangu, akanirudishia.

"Chaji yako inaisha, dada."

Basi. Bora angenitukana!

Ninyi mnaojaza maombi msimu huu, mtu akikuambia kazi ya kesho ni ipi, muulize yeye leo anafanya nini. Akizungusha maneno, ondoka hapo! Mimi nilihoji kila kitu duniani isipokuwa utabiri wangu mwenyewe. Nao haukuwa hata utabiri. Ilikuwa aibu tu, nimeivalisha suti.

Na miaka yote hii niliamini nilimdanganya Kabula. Mpaka juzijuzi, tukichambua pamba na mayu, safi huku, fifi, ile chafu, kule, nikamwambia ukweli wote. Mayu hakushtuka hata kidogo. Aliniambia kwamba siku iliyofuata ile ya steshenari, Kabula alirudi Bariadi peke yake kubadilisha maombi, kwa sababu muda ulikuwa bado upo. Akafika mpaka mlangoni pa steshenari, akageuza.

"Nilimuuliza kwa nini," mayu akasema. "Akanijibu, 'Nikiikataa gesi, baba atajua dada hataitwa.'"