Shahidi Aliyekata Michembe

Nilikuja Bariadi kwa sababu ya ndoa. Mume wangu alihamishiwa ofisi ya mkoa, nami, mzaliwa wa Tanga niliyekuwa ndiyo kwanza nimeanza uwakili Dar es Salaam, nikafungasha nikamfuata. Nilikodi chumba cha mbele kati ya duka la vipuri vya pikipiki na fundi cherehani, nikatundika kibao changu. Nilidhani nitashughulika na mashauri ya viwanja na mirathi. Badala yake walionijia walikuwa watu walioumia: mwendesha bodaboda aliyegongwa na basi, kibarua aliyeangukiwa na robota la pamba, bibi aliyevunjwa nyonga na ukuta wa jirani. Mtu aliingia akichechemea, akakaa, akasema, "Mama wakili, nimekuja unisaidie." Hivyo ndivyo nilivyokuwa wakili wa majeruhi, na ndiyo kazi yangu mpaka leo.

Ni kazi inayokuingiza ndani ya nyumba za watu kupita kiasi. Ili umdaie mtu fidia, ni lazima uijue siku yake nzima: anaamkaje, anavaaje, nani anamsaidia kuoga. Unauliza mambo ambayo hata ndugu yake hayaulizi. Ukishayajua hayo, ni vigumu usimpende. Nimewapenda wengi, lakini kuna mke na mume wa Shishiyu, kule Maswa, ambao sijawahi kupata mfano wao.

Mke alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji ya kunywa. Mume alikuwa mfupi kuliko yeye, mpole, mtu wa kusikiliza kwanza. Msimu mmoja wa pamba, mama huyo alikuwa kwenye ghala la ununuzi akisubiri mzigo wake upimwe. Lori lililokuja kupakia likarudi nyuma bila mtu wa kumwongoza dereva, likambana mkono wa kulia kwenye nguzo. Hospitalini waliuokoa mkono, ila vidole havikuwa vidole tena. Vilikuwepo vyote vitano, vimenyooka, haviwezi kushika hata kijiko. Mwenye lori, mfanyabiashara wa hapa mjini, alisema mama alijitakia kwa kusimama pale. Nikamfungulia kesi katika mahakama ya wilaya.

Siku ya kwanza waliyokuja ofisini, mama aliniletea mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikauke.

"Wabeja sana, mayu," nilimshukuru, nikimwita mama kwa Kisukuma changu kibovu.

"Nimekata mwenyewe," alisema, mkono wa kulia ukiwa ndani ya kanga.

Mumewe akageuka kutazama pikipiki zilizokuwa zikitengenezwa nje.

Kila walipokuja baada ya hapo, nilimkumbusha mama jambo moja: akisimama mbele ya hakimu aseme ukweli wote wa mkono ule, asipunguze. Alinijibu, "Nitasema, mayu. Kwani mimi naogopa kusema?"

Siku ya ushahidi ilipofika, wanakwaya wenzake walikodi gari wakaja kumsindikiza. Walijaza mabenchi mawili, wamevaa sare. Mwenye lori alikaa mbele yao na suti yake ya kijivu. Mume, kwa kuwa alikuwa shahidi wa pili, alitakiwa kusubiri nje asisikie ushahidi wa mkewe.

Mama alieleza ajali vizuri kabisa. Kisha wakili wa upande wa pili, kijana mwenye adabu na sauti laini, akasimama kumdodosa.

"Mama, unapika?"

"Napika."

"Unafua?"

"Nafua."

"Shambani unakwenda?"

"Sasa nisipokwenda mimi aende nani?"

"Kwa hiyo hakuna kazi inayokushinda?"

Mama aliwatazama wenzake wa kwaya. Akamtazama mwenye lori, aliyekuwa amekunja nne. Akanyoosha shingo. "Hakuna," alisema.

Wakili mwenzangu akashukuru na kukaa.  Nilisimama kujaribu kuokoa kilichobaki.

"Mama, ukipika unatumia mkono gani?"

"Mkono ni mkono tu."

Wanakwaya wakacheka kwa kumuunga mkono, nami nikakaa. Hakimu, mwanamke wa umri wangu aliyekuwa haongei sana, akaandika, kisha akaagiza shahidi wa pili aingie.

Mume aliingia, akaapa, akashika kizimba kwa mikono miwili. Hakujua mkewe amesema nini. Nilimwomba aieleze mahakama jinsi siku inavyokwenda nyumbani kwao tangu ajali. Alimtazama mkewe, kisha akageuka.

"Mheshimiwa," alimwambia hakimu, "nikisema haya, huyu atanikasirikia."

"Umeapa kusema ukweli, mzee. Endelea."

"Basi. Kuni nachanja mimi. Maji nachota mimi, naingiza ndani kabla majirani hawajaamka. Ugali anauanza yeye. Ukianza kuwa mzito anakohoa. Mimi nakuwa nyuma ya jiko, nikisikia amekohoa naingia nasonga, halafu natoka. Wageni wakija wanamsifu yeye. Ni sawa, ugali ni wake."

 Nilimuuliza kama kuna kingine.

"Michembe," alisema, akainamisha kichwa. "Anakata kwa mkono wa kushoto, viazi vinamkimbia. Amejikata mara nyingi. Sasa akienda mazoezi ya kwaya, mimi nakata. Nachanganya na yake pale juani, ili ikikauka asijue ipi yake na ipi yangu. Hilo yeye halijui. Mengine anayajua."

"Kumbe ni wewe!" mama alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake.

"Mama, nyamaza," alisema hakimu, lakini si kwa ukali.

Yule wakili kijana alisimama. Nadhani aliona hatari. "Mzee, unataka mahakama iamini kwamba wewe, mwanamume, unasonga ugali?"

"Hata mimi siku ya kwanza sikuamini. Niliuunguza."

"Majirani zako wanajua?"

Mzee aligeuka akawatazama wale wanawake wa kwaya, mmoja baada ya mwingine. "Walikuwa hawajui," alisema. "Wamejua leo."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwanakwaya mmoja, mama mnene wa benchi la nyuma, alijifuta macho kwa mtandio. Ninyi mliokulia huku, ambako mwanamume anayesonga ugali huchekwa, mnajua mzee yule alikuwa ametoa nini hadharani. Mimi mtu wa pwani ilibidi niishi hapa kwanza ndipo nielewe.

Hakimu akatumia mamlaka yake, akamwita mama arudi kizimbani.

"Umemsikia mume wako. Amesema uongo?"

"Huyu? Huyu hajui kusema uongo, Mheshimiwa. Akijaribu anapiga chafya."

"Na wewe, ulichosema mwanzo?"

 Mama aliufungua mkono kutoka kwenye kanga na kuulaza juu ya ukingo wa kizimba, mbele ya watu wote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona wazi hivyo.

"Niliona aibu," alisema. "Yule bwana ameninyang'anya mkono, nikasema asinione na unyonge pia. Kazi zinanishinda, Mheshimiwa. Zote. Hata vifungo vya shati la huyu, Jumapili tukienda kanisani. Nilikuwa namfunga mimi tangu tuoane. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko jembe."

Nikamwambia hakimu kwamba sina swali. 

Nje, chini ya mkorosho wa mahakama, alimgeukia mumewe. "Michembe yangu! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniacha nikate?"

"Nisingekuacha!"

"Ndiyo maana."

Mama aligeuka kuniangalia mimi kana kwamba nimuamulie, akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini. Wanakwaya wakamzunguka. Mzee yeye alibaki pembeni akitazama barabara, kama mtu anayesubiri gari, lakini midomo ilikuwa inamcheza.

Tulishinda. Hakimu aliandika katika hukumu kwamba mdai alijibu kwa fahari ya mtu asiyependa kuonewa huruma, na kwamba mahakama inaamini kile alichokionyesha pamoja na ushahidi wa mume na ripoti ya daktari wa hospitali. Kampuni ya bima ya lori lile ilivuta miguu kidogo, kisha ikalipa. Mama na mumewe walichimba kisima karibu na nyumba na kununua jozi ya maksai.

Nilikwenda kuwatembelea kiangazi kilichofuata. Nilimkuta mzee amepiga magoti mbele ya jiko, mlango umefunguliwa wazi, mwiko mkononi, anasonga. Watu waliopita njiani walimsalimia, "Mwadila," naye akaitikia bila kusimama. Mama alikuwa amekaa kivulini akitoa maagizo: punguza moto, ongeza unga, usiufanye uji.

"Kula, mayu," aliniambia sahani zilipowekwa. "Na umsifu. Siku hizi asiposifiwa ananuna."

Nikamsifu. Ugali ulikuwa mgumu kidogo, lakini sato walikuwa wametoka Kalemela, kule ziwani, asubuhi ile, na nilikula mpaka nikashindwa kuinuka.