Anayekalia Mikono Yake

Ameshaondoka. Kiatu kimoja kimeingia mguuni, cha pili anakiburuta kwa kisigino, na huku nyuma bibi wa nyumba ya kwanza anamwambia angoje chai.

"Utaninywea, bibi," anajibu akiwa tayari ngazini.

Wenzake wanamwita Upepo. Ni mhudumu wa wazee majumbani: huwaogesha, huwavisha, huwapa dawa, kisha hukimbia. Kampuni inampa nusu saa kwa kila nyumba. Mwendo wa kati ya nyumba na nyumba ni shauri lake.

Nyumba ya pili ni ya mshonaji mstaafu, mzee aliyefiwa na mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi. Kiharusi kilimwachia mkono wa kushoto mzito kama wa mtu mwingine. Hapa Upepo anafanya jambo ambalo kwingine halifanyi: anavuta kigoda, anaingiza viganja chini ya mapaja, anavikalia.

"Nisipoikalia itaniponyoka," anasema. "Mikono hii ikiona kifungo, inafunga."

Fundi, blanketi mabegani, anaanza na kifungo cha chini. Kinateleza. Anakirudia. Goti la Upepo linaanza kuruka.

"Tuliza mguu," Fundi anamwambia. "Cherehani niliiuza zamani."

Mwaka jana kukaa huku kulimfanya Upepo aondolewe nyumba hii. Binti wa Fundi, mwenye duka la vyombo, aliingia asubuhi bila kubisha, akamkuta baba kifua wazi anatetemeka, na mhudumu ameketi anamtazama.

"Dada, hivi unalipwa kukaa?"

"Baba anavaa."

"Baba anapigwa baridi."

"Mama, niache nimalize," Fundi akamwambia binti yake.

Hakumwacha. Alimfunga vifungo vyote, akapiga simu ofisini, Upepo akaondolewa. Siku hiyohiyo binti akaanza kusafisha chumba cha nyuma kwake ili baba ahamie. Kuhamia ndiko Fundi anakokuogopa kuliko kiharusi cha pili.

"Ananipenda sana yule," anasema. "Kwake nitatunzwa mpaka nisahau kijiko kinashikwaje."

Mhudumu aliyeletwa alikuwa mpole, mwepesi. Kufumba na kufumbua Fundi ameshaoga, amevaa, amechanwa nywele, amepangwa kitini. Nyumba iling'aa. Binti alifurahi, na hapakuwa na kosa la kumnyooshea mtu kidole.

Wiki kadhaa baadaye binti alimletea baba kikombe cha chai. Baba hakunyoosha mkono, hata ule mzima. Alifungua mdomo, akangoja.

"Niliweka kikombe chini nikatoka nje," binti anasema. "Angekuwa anadeka ningemgombeza. Alikuwa amesahau."

Alimpigia Upepo mwenyewe. Upepo akakubali kurudi kwa sharti moja: asubuhi ya kwanza binti awepo, naye akalie mikono.

Wakaketi wawili ukingoni mwa kitanda kama wanafunzi waliochelewa. Binti alivumilia vifungo viwili. Cha tatu kilipoteleza, mkono wake ukachomoka.

"Rudisha," baba akasema bila kuinua macho.

Akaurudisha. Lakini blanketi ni la binti. Siku ile alilileta kutoka kwake, na Upepo hakubisha. "Kwenye baridi alikuwa na haki," anasema. "Mimi nilitazama vidole tu, kifua nikakisahau."

Nusu saa inakwisha. Upepo anasimama, anakunja vidole vilivyokufa ganzi, anatafuta kiatu. Fundi yuko kifungo cha nne.

"Nenda," anamwambia. "Kinachobaki nakijua."

Fundi bado anaishi kwake. Mkono haukupona, na kifungo cha shingoni amekiacha kabisa. Anasema mashati mazuri huvaliwa wazi. Chai anaishika mwenyewe, na mara nyingine inamwagika. Binti anakuja Jumapili na kubisha kabla ya kuingia. Chumba cha nyuma amekijaza masufuria ya duka. Mhudumu mpole alipata kazi hospitalini. Bibi wa nyumba ya kwanza anajiandaa kuhamia kwa mwanawe. Upepo aliomba kampuni imwongezee muda kwa Fundi, ikakataa. Anatafuta wenzake wawili waanze huduma yao wenyewe, ambamo mzee atapewa asubuhi nzima ya kuvaa shati. Amempata mmoja. Kwa sasa yuko njiani kwenda nyumba ya tatu.