Kitambi cha Baba, Mgongo wa Dada

Enzi zetu pale Isiolo, sisi tuliokwepa mpira kwenye mchezo wa kati mpaka vumbi likatubadilisha rangi, asubuhi ilianzia duksi. Maalim alitusomesha Kurani kutoka kulia kwenda kushoto. Kisha tukakimbia shuleni, midomo ingali inanukia moshi wa vibuyu vya maziwa ya ngamia, kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Wenzangu walivuka bila shida. Mimi nilipotea njiani.

Nikiandikiwa dada, nilisoma baba, na darasa lilicheka. Nyumbani walilaumu shule, shuleni wakalaumu duksi, na Abba, baba yangu, aliyekuwa na lori la kubeba mbuzi, akalaumu uvivu. Akasema nisipojua kusoma kufikia likizo, nitaenda Sericho kwa shangazi kuchunga ngamia. Nililia sana, maana shule niliipenda hata kama yenyewe haikunipenda.

Aliyenishika mkono ni Mwalimu Kendi. Hakunichapa, na wakati huo kiboko kilikuwa sehemu ya somo. Aliniacha nichore herufi mchangani kwa kidole, na wakati wa mtihani alinisomea maswali. Siku moja alikunja sweta lake, akalifunga mgongoni kwa leso kama mtoto, akatembea mbele yetu kuelekea dirishani, upande wetu wa kulia.

"Herufi za shule zote zinaenda dirishani," akasema. "Baba ako na kitambi mbele. Dada amebeba mtoto mgongoni."

Nikatazama ubao: b, d. Kwa mara ya kwanza zilitulia.

Likizo ilipofika, Abba alinisimamisha sokoni nyuma ya lori geni lililochorwa kwa herufi ndogo. Nikatazama maandishi, nikatazama tumbo la Abba, nikasoma polepole: dua ya baba. Akageuka, akajifanya anakaza kamba.

"Basi Sericho ingoje," akasema.

Siku hizi binti yangu, aliyerithi kichwa changu, shida yake ina jina: disleksia. Simu humsomea kila kitu. Wenzake wasio na shida yoyote huandika xaxa badala ya sasa, tena kwa hiari yao, na hakuna anayewacheka. Nafurahi kwa ajili yake, na wivu kidogo ninao. Lakini simu ile, pamoja na ujuzi wake wote, haijawahi kujifunga leso ikatembea kuelekea dirishani kwa ajili ya mtoto mmoja.